Kufungasha Nyumba ya Mama

Habari ya kuhama ilitukuta mabondeni, tunavuna mpunga. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mwenyewe, suruali kaikunja hadi magotini, akasimama juu ya tuta na kutuambia kwamba hayo yangekuwa mavuno yetu ya mwisho upande ule.

Nyumba zetu zilikuwa karibu na mdomo wa Ruvuma, mahali ambapo maji ya chumvi hupanda na kushuka kati ya mikoko. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Milio tulikuwa tumeizoea. Tuliisikia huku tunapepeta, huku tunanyonyesha. Lakini mwaka uliotangulia jirani yetu mmoja, mwanamke mwenye watoto wadogo, alikanyaga bomu lililofukiwa njiani akienda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini. Kwa hiyo waliposema mahali pale pana hatari tuliwaelewa. Ambacho hatukukielewa ni kwa nini hatukuweza kusogea kidogo tu, kwa ndugu zetu wa pwani. Tulitakiwa kwenda mbali, bara, kwenye pori la upande wa Nanyamba, tukakae kwa mistari pamoja na watu wa vijiji vingine tusiowajua.

"Kutakuwa na bomba la maji," mwenyekiti alisema. "Shule itakuwepo, na zahanati. Mtaishi pamoja kama watu."

"Na sasa tunaishi kama nini?" mama yangu akamuuliza.

Aliuliza kwa upole, mundu bado uko mkononi. Mwenyekiti alitazama miguu yake iliyojaa tope, akasema gari litakuja tukishamaliza kuvuna, kisha akaenda kuwaambia wa shamba la pili.

Nyumbani tulikuwa watu wanne: mama, mume wangu, mimi, na binti yangu aliyekuwa anajifunza kutembea. Baba alikuwa ameshafariki, kaburi lake liko kando ya msikiti. Nyumba ilikuwa ya mama. Kwetu mwanamume akioa huhamia ukweni, na mume wangu, aliyetoka vijiji vya juu, alikuja na baiskeli na nguo zake, akapanda mikorosho nyuma ya nyumba mwaka ule ule tuliooana. Adabu za kwetu hazimruhusu mkwe kumkaribia mama mkwe. Miaka yote ile mume wangu hakuwahi kukalia mkeka wa mama, hakumtazama usoni, na chumbani kwake hakupajua. Wakiwa na neno la kuambiana walilipitisha kwangu, hata kama wote wawili wamesimama uani na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mumeo kamba ya kisima imechakaa."

"Mwambie mama nimesikia."

Na mimi nilisimama katikati na ungo wangu, wala sikuwa na haja ya kurudia lolote.

Mpunga ulipokwisha kupurwa, mama alianza kufungasha. Nilimwona siku hiyo akikusanya pumba uwanjani na kuzitia kwenye gunia, nikadhani ni za kuku. Kumbe alikuwa amekwisha kupanga kichwani nyumba nzima itakavyosafiri.

Alikuwa na sababu. Akiwa msichana, wazazi wake walivuka mto kutoka kusini kwa kukimbia kodi na kazi za kulazimishwa. Walifunga vyombo haraka haraka ndani ya nguo, wakavitupa mtumbwini, na walipofungua upande huu walikuta vigae. Bibi yangu aliwapikia wanawe mwezi mzima kwa chungu cha kuazima, na mama hakuisahau aibu ile ya kwenda kila jioni kubisha kwa jirani kuomba chungu.

"Safari hii tutafika na vyombo," aliniambia.

Bakuli za kauri alizopewa siku ya harusi yake, zilizotoka dukani Mikindani, alizifunga moja moja kwa vipande vya kaniki kuukuu. Chini ya tenga akamwaga pumba, akapanga bakuli kwa ubavu, akajaza pumba katikati, akapanga tena. Alipomaliza alitaka nilitikise tenga huku yeye kaweka sikio.

"Nikisikia sauti yoyote, toa vyote tuanze upya."

Tulitoa, tukaanza upya. Mitungi hakuifunga ikiwa mitupu. Aliijaza makopa ya muhogo mpaka shingoni, akaziba midomo kwa majani ya mgomba na kukaza kwa kamba ya makumbi. Chemni za taa alizijaza sufi ndani, akazizungushia sufi nje, akazitia kwenye kinu kikubwa cha kutwangia, kwa sababu hakuna kitu kigumu kuliko kinu katika nyumba yetu. Mbegu za mpunga aliziweka vibuyuni na kuziba kwa nta ya nyuki. Kitanda chake alikilegeza kamba zote, akazikunja, akafunga miguu na mbao pamoja.

Nilimsaidia kwa mikono tu. Yeye alifunga vitu kwa ajili ya mahali, alikuwa analiona lile jiko lenye rafu ambapo bakuli zitakaa. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa namfungia kamba na kumshikia mafundo, na moyoni najiambia kwamba watu wanaokwenda mahali pazuri hawaendi kwa kuamriwa.

Gari halikuja. Tulikuwa tumebakiza sufuria moja, chungu kimoja na mkeka wa kulalia, tukaishi hivyo katikati ya mizigo kama wageni wanaongoja kuondoka. Mtoto alijifunza kutembea kwa kushika matenga. Kila asubuhi tulijua ni leo, na jioni mama alirudisha sufuria mahali pake na kusema basi kesho. Mikorosho ilianza kutoa maua, uwanja mzima ukanukia.

Mume wangu alitaka kung'oa mlango mapema, mlango wa mbao ngumu, pamoja na boriti zilizo nzuri, ili gari likija tusihangaike.

"Mwambie mumeo mlango utatoka siku nitakayotoka mimi," mama alisema kutoka ndani.

"Mwambie mama nimesikia."

Siku moja mchana nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba, jembe mkononi, anasafisha chini ya mikorosho yake. Alikuwa ametoa majani yote mpaka udongo unaonekana.

"Unapalilia nini?" nikamuuliza. "Si tunaondoka?"

"Najua tunaondoka."

"Sasa?"

"Moto ukiingia kwenye majani haya hautauliza kama tupo au hatupo." Akaendelea kulima. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Na wewe mwambie mama asifunge zile mbegu kwa nta nyingi sana, zitakosa hewa." Nikacheka kidogo. Sikumbuki kama nilicheka tena mwaka ule.

Gari lilikuja asubuhi, tumekwisha kuacha kulisikiliza. Lilikuwa limeshapita kwingine, nusu yake imejaa vitanda na kuku wa watu wengine, na watu wenyewe wamekaa juu ya vitu vyao wakitutazama. Dereva hakushuka. Walishuka vijana wawili wa mgambo, vijana wenye heshima tu, wakamwamkia mama shikamoo, kisha wakamwambia kila nyumba ina sehemu yake na sehemu yetu ni ile pembe ya nyuma.

"Bibi, kinu hiki hakiendi," mmoja alisema.

"Kwa nini kisiende?"

"Kizito. Kinachukua nafasi ya mtu. Huko kuna miti, mtachonga kingine."

Mama aliinama akaanza kutoa chemni kinuni, sufi ikaruka uwanja mzima, nyingine ikamganda usoni na mabegani kwa jasho. Nilishika chemni moja, yeye moja, tukasimama nazo mikononi hatujui pa kuziweka. Dereva alipiga honi. Mwishowe mama alizivika kanga zake mbili, akanifunga moja mgongoni chini ya mtoto, nyingine akaibana kwapani mwake.

Yule kijana wa pili alikuwa ameelekea ndani. Tulimsikia chumbani kwa mama akiburuta kitu sakafuni. Mume wangu alikuwa mlangoni, na aliposikia mburuto ule aliinua mguu kisha akaurudisha. Kizingiti cha chumba kile hakuwahi kukivuka. Alisimama pale, mikono inaning'inia, mwanamume mzima mwenye nguvu, huku mtu asiyetujua anavuta tenga la bakuli kwa upande mmoja.

"Mwambie mumeo aingie," mama akasema.

Sikumwelewa. "Mama?"

"Mwambie aingie. Bora yeye."

Mume wangu alivua makubazi. Aliingia ameinamisha kichwa, akamwambia yule kijana acha, akalibeba tenga kifuani kwa mikono miwili. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, sijui niseme kwa aibu au kwa huzuni. Alirudi tena na tena, akatoa mitungi, vibuyu, mbao za kitanda, na mama alisimama uani amempa mgongo mpaka alipomaliza. Baada ya hapo vijana walipanda juu wakavuta makuti ya paa na kuyatupa chini. Ndivyo walivyoagizwa, walisema, ili watu wasirudi. Mlango ulibaki kwenye fremu yake. Hapakuwa na muda wa kuung'oa.

Ndani ya gari tulibanwa. Nilikaa na mtoto mbele yangu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, mama na mume wangu walikaa bega kwa bega, yeye kageuzia uso huku, mwenzake kule. Kila gari liliporuka waligongana, na kila walipogongana mume wangu alisema "Samahani, mama" kwa sauti ndogo. Mwanzoni mama hakujibu. Baadaye, nadhani kwa kuchoka, akawa anasema "Haya, baba." Hayo ndiyo maneno ya kwanza waliyowahi kuambiana bila mimi.

Tulikwama kwenye mchanga. Wanaume walishusha kila kitu, wakasukuma, wakapakia tena kwa haraka, na sasa vitu vilikuwa vimechanganyika, kuku wa huyu kwenye tenga la yule, mwanamke mmoja analia anatafuta godoro lake. Mama alikuwa ameshuka na tenga lake na alipanda nalo. Hakumwachia mtu yeyote.

Tulifika alasiri. Nilitarajia angalau vibanda. Palikuwa na pori lililofyekwa, visiki bado vinatoa utomvu, na vigingi vimechomekwa ardhini kwa mstari ulionyooka sana. Kijana mwenye kofia alituonyesha vigingi viwili na kusema baina yake ni kwetu. Mume wangu aliuliza bomba liko wapi. Akaambiwa bomba liko njiani, kwa sasa kuna kisima bondeni. Nilikwenda na ndoo nikarudi jua limeshaanguka, maji ni ya matope, na kisima kimezungukwa na wanawake wanaogombana kwa lugha tatu.

Niliporudi nilimkuta mama amelifungua tenga. Alikuwa amezipanga bakuli chini, juu ya majani, anazigonga moja moja kwa kucha. Zote zililia vizuri. Mitungi pia ilikuwa mizima, na chemni, na vibuyu. Nilingoja afurahi. Aliangalia vyombo vyake, akaangalia vigingi vile viwili, kisha akachukua kipande cha kaniki na kuanza kuzifunga tena.

"Tutazifungua tukipata nyumba," alisema.

Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba ile haitapatikana, lakini nilijua. Mume wangu alijenga kibanda cha fito na majani, alichowahi kukijenga kabla mikono haijamwishia nguvu kwa kufyeka shamba la pamoja. Nyasi za kuezekea ziligombaniwa. Udongo wa pale ni mchanga, haushiki ukutani. Katika kibanda kile kimoja ilibidi tulale wote, mama upande mmoja wa mkeka ulioning'inizwa, sisi upande wa pili, na mume wangu akawa anaondoka kabla hakujapambazuka na kurudi giza likiingia, ili mama apate kuvaa na kula bila yeye kuwepo. Aibu ya mambo yale ilimla mama kuliko njaa.

Kiangazi hicho mume wangu alipanda baiskeli akaenda kuitazama mikorosho. Kurudi kulikuwa kumekatazwa, alikwenda kwa njia za porini. Aliporudi aliegesha baiskeli akakaa chini.

"Moto umepita," alisema.

"Mingapi imeungua?"

"Yote. Ulianzia kwa jirani, pale hapakuwa pamepaliliwa."

Mama alikuwa nyuma ya mkeka. Nikasikia sauti yake. "Mwambie mumeo pole."

Mume wangu aliinuka. Alitoka nje.

Mvua zilikuja mapema na kibanda kilivuja kila mahali. Makopa yaliota ukungu mitungini. Tulipovunja nta ya vibuyu mbegu zilikuwa salama kabisa, lakini hatukuwa na bonde la kuzipanda. Mpunga wetu ulikuwa mpunga wa maji. Tukazitwanga kwa kinu cha kuazima, tukala. Mama hakuja kula siku ile. Alisema tumbo limejaa.

Homa ilimwanza siku hizo hizo, na kikohozi. Zahanati ilikuwa bado ni vigingi vinne na rundo la mawe. Akawa anasema kitu kimoja, arudishwe kwake, alale hata chini ya makuti yaliyoanguka, karibu na baba. Mume wangu alikwenda kwa viongozi wa kijiji. Walimsikiliza vizuri, wakampa pole, wakamwambia magari yana kazi ya kuleta watu na hakuna gari la kurudi.

"Basi nimpeleke hospitali," akaniambia. "Kwa baiskeli. Muulize kama atakubali."

Nilikwenda upande wa pili wa mkeka. Mama alikuwa ameshasikia.

"Atanibeba vipi?"

"Nyuma, mama. Utamshika."

Alifunga macho. Nilidhani atakataa. Alisema, "Nipe kanga ya kujifunika uso."

Nilimfunga mgongoni kwa mume wangu kwa kanga mbili, kwa sababu hakuwa na nguvu za kujishikilia. Alimzungushia mikono kiunoni, mtu ambaye hakuwahi kumpa hata kikombe mkononi, kichwa chake kikalala mgongoni mwake. Waliondoka kwenye mvua. Walirudi jioni na vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, na mume wangu aliniambia njia nzima mama alikuwa anamwomba radhi.

Vidonge vilikwisha. Mama alikufa asubuhi moja nikiwa kisimani. Nilimkuta mume wangu amekaa nje ya kibanda, binti yetu mapajani, na nilipomwona amekaa pale mchana kweupe nilielewa.

Waliokuja kumwosha walikuwa wanawake wema, lakini hakuna aliyemjua. Mmoja aliniuliza jina lake na la mama yake. Mwingine aliniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nikataka kumweleza, nikashindwa nianzie wapi. Huko kwetu asingeulizwa mtu. Wanaume wa kijiji chetu cha zamani walikuwa wachache, wengine wameshatorokea Mtwara mjini kutafuta kazi bandarini, kwa hiyo jeneza lilibebwa na watu wasiojua wanambeba nani. Kaburi lake lilikuwa la kwanza mahali pale. Walibishana kidogo lichimbwe wapi, maana makaburi hayakuwa yamepangiwa sehemu.

Hata arobaini yake haijafika, alikuja bwana mmoja kutoka wilayani, na kamba ndefu. Vijana waliivuta kutoka kibanda cha kwanza mpaka cha mwisho, na kamba ikagusa pembe ya kibanda chetu. Alisema kimetoka kwenye mstari. Nyumba zote lazima zinyooke, barabara itapita. Alitupa mpaka mwisho wa juma tukisogeze nyuma.

"Hatua ngapi?" mume wangu akauliza.

"Chache tu. Si kazi."

Mume wangu alimtazama kwa muda, nikaogopa atasema neno. Alikwenda kutafuta fito mpya.

Siku ya kusogea hatukufunga kitu chochote. Hakuna aliyekwenda kutafuta pumba wala kaniki. Nilichukua vyombo mikononi kama vilivyokuwa, nikavipeleka kule nyuma, nikaviweka kwenye nyasi zilizolowa, nikarudi kuchukua vingine. Mtungi mmoja uliniponyoka ukapasuka. Mume wangu aliusikia, akageuza kichwa, kisha akaendelea kufunga fito zake. Mimi nilivisogeza vigae kando kwa mguu, mtoto asije akajikata, nikaenda kuchukua sufuria.